Mwana wa Mkulima wa Mizabibu: Shinikizo, Kihamba na Marudi ya Kanisa

Katika madarasa yetu ya historia ya Kanisa, jina la Johannes Rebmann hutajwa kwa ajili ya siku moja tu, yaani tarehe 11 Mei 1848, alipoiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa jiografia waliokaa London wakakataa kumsadiki. Kuhusu nyumba aliyozaliwa hatusemi lolote. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika nchi ya Württemberg, na watu wa kwao walikuwa wakulima wa mashamba na mizabibu. Mmisionari wa kwanza kupita katikati ya migomba ya Wachagga alikuwa, basi, kijana aliyeyajua majira ya kupogoa, kuchuma na kukamua.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu moja. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba mashaka yetu juu ya familia inayotengeneza kileo kwa matunda ya shamba lake ni urithi wa Kilutheri uliotoka Ujerumani pamoja na Katekisimo. Historia haikubaliani nasi. Tena, kosa hilo la kihistoria limewagharimu watu wa sharika zetu, hasa akina mama.

Na tuanze Gerlingen. Huko Württemberg mkulima hakuwa na shamba moja pana. Sheria ya urithi iliwagawia watoto wote, wa kiume kwa wa kike, hata baada ya vizazi vichache jamaa moja ikawa na vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, kimoja cha ngano bondeni, kingine cha mizabibu kwenye mteremko wa jua, na kati yake miti ya matufaha na mapeasi juu ya majani ya ng'ombe. Juu ya kilima kilicho karibu na kijiji kilisimama kasri la Solitude, na hapo tangu mwaka 1775 mzee Johann Caspar Schiller, baba wa mshairi maarufu, alisimamia kitalu cha miti ya matunda cha mtawala wa nchi. Aliandika kitabu juu ya ukuzaji wa miti hiyo kilichotoka mwaka 1795, akafariki mwaka uliofuata.

Kazi ya mizabibu ilikuwa ya jamaa nzima. Majira ya baridi yakielekea kwisha walipogoa. Mvua iliposhusha udongo chini ya mteremko, waliupandisha tena kwa vikapu mgongoni. Vuli ilipofika walichuma wote, wazee na watoto. Lakini shinikizo halikuwa mali yao. Kwa karne nyingi zabibu zilipelekwa kwenye shinikizo la mtawala, na hapo zaka ilitolewa kabla mwenye shamba hajaondoa tone lake. Wengi waliuza maji ya zabibu papo hapo, yangali matamu, kwa kuwa madeni ya mwaka hayakungoja yachachuke. Baridi kali ya usiku mmoja wa masika iliweza kuharibu yote. Mwaka 1816, baada ya mlipuko wa volkano ya Tambora uliotokea mwaka uliotangulia, kiangazi hakikuja kabisa. Njaa ikaingia Württemberg, na maelfu wakahama nchi. Rebmann alizaliwa na watu waliotoka katika njaa hiyo.

Divai ya zabibu iliyo nzuri ilikuwa ya kuuza. Nyumbani walikunywa divai ya matufaha na mapeasi. Matunda yalipondwa, yakakamuliwa, na maji yake yakawekwa katika pipa kwenye ghala chini ya nyumba, yakachachuka yenyewe, yakanywewa mwaka mzima, mara nyingi yakiwa yamechanganywa na maji, pamoja na mkate shambani. Hakuna aliyekiona kinywaji hicho kuwa anasa, kwa maana kilikuwa sehemu ya chakula.

Kanisa lilikuwa wapi katika mambo hayo? Lilikuwa ndani yake kabisa. Mshahara wa mchungaji wa Württemberg ulihesabiwa kwa sehemu kwa nafaka na kwa divai. (Sijui wahasibu wetu wa dayosisi wangeliandika hilo katika safu gani.) Wala tusidhani kwamba Kanisa hilo lilikuwa legevu. Katika miaka ya 1640, kwa juhudi za Johann Valentin Andreae, kila usharika uliwekewa baraza la marudi, mchungaji akiketi pamoja na mkuu wa kijiji na wazee. Mbele ya baraza hilo waliitwa walevi, waliokaa kilabuni wakati wa ibada, na waume waliowapiga wake zao wakiwa wamelewa. Baadaye uamsho wa Kipietisti uliingia kwa nguvu katika vijiji vya wakulima wa mizabibu, na walioamshwa walikusanyika jioni kusoma Neno. Mlevi alirudiwa. Aliyekamua matunda yake hakurudiwa kwa kukamua.

Hapo walikuwa waaminifu kwa maungamo yao. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 26, linakataa kufanya tofauti ya vyakula kuwa njia ya kupata neema, na katika kifungu cha 28 linawanyima maaskofu mamlaka ya kuzifunga dhamiri kwa amri zisizo na msingi katika Injili. Luther mwenyewe aliuhubiri ulevi wa Wajerumani kwa ukali sana, ilhali mke wake Katharina alitengeneza bia nyumbani na kutunza bustani za matunda. Hakuona mgongano.

Sasa twende Kilimanjaro pamoja na Rebmann. Kihamba ni bustani ya jamaa kama ile ya Gerlingen, ingawa mazao ni mengine. Miti mirefu juu, migomba chini yake, na tangu Wakatoliki wa Kilema walipoleta mbegu mwishoni mwa karne ya 19, kahawa chini ya migomba. Maji huja kwa mifongo iliyochimbwa na mababu. Humo wazee wamezikwa, na kwa desturi kitindamimba hurithi nyumba ya baba. Mbege ndiyo divai ya bustani hiyo. Ndizi huivishwa kwa siku kadhaa, huchemshwa mpaka zikabadilika rangi, kisha huachwa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa. Gome la msesewa hutia uchungu. Ndipo maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo. Kesho yake ni tayari, na kesho kutwa imekwisha kuwa kali. Pipa la Gerlingen lilikaa mwaka, lakini mbege haikai. Ni lazima inywewe upesi na watu wengi, kwa hiyo imefungamana na posa, msiba, mapatano ya jirani na jirani, na pia, tusifiche, na matambiko ya wahenga.

Jambo lingine ni la uchumi wa nyumba. Kahawa ilikuwa ya baba, na fedha yake ilipitia chama, ambacho tangu mwaka 1933 ni KNCU. Mkungu wa ndizi ulikuwa wa mama. Mama aliyetaka fedha bila kumwomba mumewe alikuwa na njia mbili, kubeba ndizi hadi sokoni au kupika mbege. Na mgawo wa bei za kahawa duniani uliposimamishwa mwaka 1989 na bei kuanguka, nyumba nyingi zilibaki zikitegemea mkono wake.

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1922 wakaja ndugu wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani, Walutheri wenye asili ya Kiswidi. Tukumbuke walitoka katika nchi gani. Tangu mwaka 1920 hadi 1933 katiba ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza vileo, na Sinodi ya Augustana ilikuwa imeiunga mkono harakati hiyo kwa moyo. Leipzig walirudi katikati ya miaka ya 1920, lakini Vita Kuu ya Pili iliwaondoa tena, na Augustana wakachukua mzigo huo. Wakati huohuo uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ulipita Bukoba na kuenea, nao walokole waliiweka pombe miongoni mwa dhambi zilizoungamwa hadharani. Mimi mwenyewe ni tunda la uamsho huo, wala siudharau. Wanywaji waliacha kupiga wake zao, na hilo si dogo. Lakini ushuhuda wa mtu aliyeokolewa na ulevi ni jambo moja, na sheria juu ya mtungi wa jirani ni jambo jingine. Tuliipokea sheria hiyo kutoka mahali hapo, kisha tukaiandika jina la Luther.

Bibi yangu mzaa baba alipika mbege. Yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Kwa mbege hiyo alimlipia baba yangu karo ya shule ya kati, na kwa mbege hiyo pia aliwekwa chini ya marudi, akaondolewa kwenye Meza ya Bwana kwa miaka ambayo hakupenda kuihesabu. Baba alipomwambia aache, alijibu, "Mwanangu, karo yako imetoka wapi?" Nilipopata nafasi ya kusoma kitabu cha marudi cha usharika huo, niliona neno moja katika safu ya kosa: pombe. Kitabu hakikutofautisha kati ya aliyelewa, aliyeuza na aliyepika kwa ajili ya harusi ya mtoto wake. Waliolewa walikuwa wanaume kwa wanawake. Waliopika walikuwa wanawake, na kwa hiyo majina ya wanawake yalizidi.

Ndugu wachungaji wataniuliza: je, tuufungulie ulevi mlango? Gongo inaua, na yeyote aliyezika vijana milimani hawezi kusema kwa wepesi. Nuhu, mkulima wa kwanza wa mizabibu katika Biblia, ndiye pia mlevi wa kwanza (Mwa. 9:20–21). Lakini baraza la Württemberg lilimwita mlevi kwa jina na kumuuliza juu ya mkewe na watoto wake. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuandika neno moja katika safu.

Tangu miaka ya 1990 divai ya ndizi imetengenezwa Arusha, ikatiwa katika chupa na kuuzwa madukani kwa kibali cha serikali, na sijaona usharika ukimwita mwenye hisa mbele ya wazee. Rebmann alirudi Württemberg mwaka 1875, karibu kipofu, akafariki Korntal mwaka uliofuata. Bibi alirudishwa Mezani akiwa mzee, Jumapili moja, pamoja na wengine watano. Hakuna aliyemwambia kosa lilikuwa ndizi, ulezi, au fedha.