Wabi-sabi: Uzuri wa Wajapani katika mkeka wa Kilombero

WABI-SABI ni dhana ya Kijapani inayotambua uzuri katika vitu sahili, visivyokamilika na vinavyochakaa kadiri miaka inavyopita. Neno "wabi" awali lilihusu ufukara na upweke, kisha likapata maana ya kuridhika na kidogo. "Sabi" ni haiba inayoletwa na umri.

Dhana hiyo ilistawi katika utaratibu wa kunywa chai. Sen no Rikyu (1522-1591), bingwa wa chai, alipenda vibanda vidogo na bakuli za udongo zilizofinyangwa kwa mkono badala ya vyombo vya fahari kutoka China. Mwaka 1936, Yanagi Soetsu alianzisha mjini Tokyo jumba la makumbusho ya sanaa za watu wa kawaida, akishikilia kuwa uzuri umo katika vyombo vya kila siku vya mafundi wasiojulikana majina.

Kwa kipimo hicho, bonde la Kilombero mkoani Morogoro nalo lina cha kuonyesha: mkeka wa ukindu. Mjini Ifakara na katika vijiji vya jirani, wanawake huanika na kuchana majani machanga ya mkindu, na mengine huyachemsha katika rangi. Husuka kili, kisha huzishona pamoja hadi kufikia upana unaotakiwa. Mshono hubaki ukionekana. Rangi ya ukili mmoja hukolea kuliko ya mwenziwe, na zote hupauka polepole. Juu ya mkeka huo hukaribishwa mgeni, hulazwa mtoto na huketi wafiwa.

Hata hivyo, wabi-sabi si kusifu kazi mbovu. Ukili uliolegea hufumuka, na msusi stadi huurudia. Kasoro inayoheshimiwa ni ile iletwayo na jani, mkono na umri, wala si uzembe.

Leo mkeka wa plastiki, ulionyooka na wenye rangi zisizopishana, unashindana na ule wa ukindu sokoni. Aidha, mkindu hupenda kingo za mito na ardhi oevu. Bonde hilo liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2002, lakini kilimo na ufugaji vimeendelea kulibana. Mkeka uliochanika hushonewa ukili mpya. Kingo za mito zikilimwa hadi majini, ukindu wa kuushonea utachumwa wapi?