Kasha lililofunguliwa Le Mans: ndege ya Wilbur Wright iliyofika vipande vipande

Leo tuache programu kando kidogo, msomaji wangu, tuongee habari ya mzigo.

Ukimuuliza mtu kuhusu ndugu Wright atakutajia Kitty Hawk, tarehe 17 Desemba 1903, sekunde 12 hewani, futi 120, na basi. Lakini ndege iliyoifanya dunia iwaamini haikuwa ile. Ilikuwa nyingine, iliyoundwa kwao Dayton, Ohio, ikafungwa ndani ya makasha mwaka 1907, ikavushwa Atlantiki kwa meli, ikalala karibu mwaka mzima kwenye ghala la forodha la bandari ya Le Havre, Ufaransa. Makasha yalipofunguliwa Juni 1908, kilichokuwa ndani kilikuwa karibu na kuni kuliko ndege.

Kwanza, mzigo ulifikaje Le Havre na kusahaulika? Haukusahaulika. Mwaka 1907 Wilbur alikwenda Ulaya kutafuta mnunuzi wa uvumbuzi wao, na ilionekana biashara na Wafaransa ingekamilika wakati wowote. Orville, aliyebaki Dayton, akaifunga mashine na kuituma ili iwe tayari pale saini zitakapowekwa. Kisha na yeye akasafiri kumfuata kaka yake. Mazungumzo yakaburutwa mwezi baada ya mwezi, mara serikali, mara wafanyabiashara, hadi ndugu wote wawili wakarudi Marekani mikono mitupu. Makasha wakayaacha palepale bandarini. Kuyarudisha kungekuwa gharama na hatari mara mbili, na hawakuwa wamekata tamaa.

Kama umewahi kungoja kontena Kilindini unajua mzigo unaolala bandarini haulali peke yake. Hupitiwa, husogezwa, hufunguliwa, hurudishiwa kifuniko.

Machi 1908 mambo yakabadilika. Kundi la wafanyabiashara wa Kifaransa likiongozwa na Lazare Weiller lilikubali kununua haki za uvumbuzi, kwa sharti kwamba ndege ionyeshwe ikiruka mbele ya macho yao. Mwezi uliotangulia jeshi la Marekani nalo lilikuwa limekubali kununua ndege moja kwa dola 25,000, kwa sharti la aina hiyohiyo. Kwa hiyo ndugu wakagawana kazi. Orville abaki Marekani kuandaa ndege ya jeshi, Wilbur aende Ufaransa kuitoa ile iliyokuwa ghalani. Alifika Le Havre mwishoni mwa Mei.

Hapa inafaa kueleza hali ya Ufaransa ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaona uzito wa kasha lenyewe. Tangu Oktoba 1905 hadi Mei 1908 ndugu Wright hawakuwa wameruka hata mara moja, kwa kuogopa kuibiwa uvumbuzi. Wafaransa wengi walikuwa wameamua kwamba ni waongo. Ernest Archdeacon wa klabu ya urubani ya Ufaransa alikuwa akiwakebehi hadharani. Tena Wafaransa walikuwa na mashujaa wao: tarehe 13 Januari 1908 Henri Farman alikuwa ameruka kilomita moja ya mzunguko na kujinyakulia faranga 50,000. Sasa fikiria mtu anayetuhumiwa uongo anafika, anasema ndege yangu ipo ndani ya makasha, nipeni muda. Kila siku inayopita bila kuruka ni ushahidi dhidi yake.

Mahali pa kazi palipatikana Le Mans, kwa hisani ya Léon Bollée, mtengenezaji wa magari, aliyempa Wilbur sehemu ya kiwanda chake. Makasha yakaletwa huko. Katikati ya Juni Wilbur akang'oa misumari.

Mbavu za mabawa, zile fito nyembamba zinazolipa bawa umbo lake, karibu kumi au kumi na mbili zilikuwa zimevunjika. Kitambaa cha mabawa kilichanika mahali pengi hata hesabu haina maana, na pale ambapo hakikuchanika kilikuwa kimechafuliwa na rangi ya alumini iliyosuguliwa kutoka kwenye miguu ya ndege. Rejeta zilibonyea vibaya. Kiti kilivunjika. Magneto ilikuwa imepoteza kifuniko chake cha mafuta, koili zilikuwa zimeng'oka ovyo, mabomba ya kushikilia rafadha yalipinda, na hata ekseli Wilbur aliishuku kuwa imejikunja kidogo.

Tazama orodha hiyo kwa jicho la fundi. Vitu vizito na vitu vyepesi vimeumizana. Rejeta au koili ikiwa huru ndani ya kasha haisafiri kama mzigo, inasafiri kama nyundo. Meli ikiyumba, inagonga. Kreni ikishusha kasha kwa kishindo, inagonga. Fito ya bawa imetengenezwa ibebe upepo uliosambaa juu ya eneo lote. Haikutengenezwa kubeba pigo la chuma mahali pamoja. Na kitambaa kilichobanwa sana hakichaniki, kinachochanika ni kile kinachopata nafasi ya kusuguana. Uharibifu wa aina hii husema jambo moja tu: vitu havikuwa vimefungwa mahali pake.

Wilbur naye aliusoma hivyohivyo. Tarehe 17 Juni akamwandikia Orville barua kali kuliko nyingi walizowahi kuandikiana. Alimwambia kwamba mtu angechukua koleo akatupia vitu ndani ya makasha kwa dakika mbili tatu, kazi ingetoka sawa na hiyo. Akamwambia hajawahi kuona upumbavu wa namna ile maishani mwake. Kumbuka anayeandikiwa ni mdogo wake, mshirika wake wa pekee, ambaye wakati huohuo yuko ng'ambo akihangaika na ndege ya jeshi.

Tatizo ni kwamba Orville hakuwa na kosa. Baadaye ikabainika kwamba walioharibu ni maofisa wa forodha wa Le Havre. Walifungua makasha ili kukagua, wakatoa vitu, kisha wakavirudisha bila mpango wowote. Na kwa upande wao si ajabu. Kazi ya ofisa wa forodha ni kuhakikisha kwamba kilichomo ndicho kilichoandikwa kwenye hati. Akishatoa fito na rejeta na kuziona, kwake kazi imekwisha. Mwaka 1907 nani bandarini alikuwa ameona ndege, achilia mbali kujua inavyopangwa ndani ya kasha?

Mimi hapa ndipo kisa kinaponishika. Wanaotumia git wanaijua amri iitwayo blame, inayokuonyesha jina la mtu wa mwisho aliyegusa kila mstari wa programu. Wilbur alifanya kazi ya amri hiyo kichwani mwake, na jina pekee alilokuwa nalo ni la Orville, kwa sababu ndilo pekee alilolijua. Aliyefunga ni Orville, aliyefungua ni mimi, kwa hiyo ni Orville. Wale wa katikati, wapakiaji wa Marekani, mabaharia, wapakuaji, walinzi wa ghala, wakaguzi, hawakuacha alama yoyote. Hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba siku fulani kasha lilifunguliwa na fulani, na hali ya vitu ilikuwa hivi.

Tena ndugu hawa hawakuwa wageni wa usafirishaji. Ukifikiri vizuri, ndege zao zote za mwanzo zilikuwa za kuunganisha: sehemu zilitengenezwa Dayton na kusafirishwa hadi pwani ya North Carolina. Mwaka 1900 Wilbur alikwenda na sehemu zake kwa treni, akakosa mbao ndefu za futi 18 huko Norfolk, ikabidi achukue za futi 16 na kupunguza mabawa. Kisha akavuka na mashua mbovu ya Israel Perry iliyovuja katika dhoruba. Mwaka 1903 mihimili ya rafadha iliharibika ikiwa Kitty Hawk, ikatumwa Dayton kutengenezwa. Iliporudi na kupasuka tena, Orville hakutaka kutuma kitu. Alipanda treni mwenyewe tarehe 30 Novemba na kurudi tarehe 11 Desemba akiwa ameishika mihimili mipya ya chuma kigumu. Siku sita baadaye wakaruka. Hilo ndilo lililokuwa somo lao la zamani: sehemu muhimu isiache macho yako. Mwaka 1907, kwa mzigo wa ukubwa ule, haikuwezekana.

Ukarabati ulichukua wiki saba. Wilbur alivaa nguo za kazi, akaingia kiwandani king'ora kilipolia na kutoka kilipolia kama wafanyakazi wengine. Aliweka mbavu mpya, akashona kitambaa kwa mkono wake, akanyoosha mabomba. Wafanyakazi wa Bollée walimsaidia, ila lugha ilikuwa ukuta, na kazi nyingi ilikuwa ya namna ambayo ni yeye tu duniani aliyejua inavyotakiwa iwe. Magazeti yalikuwa yakimsubiri. Kuna waliosema anachelewa makusudi.

Tarehe 4 Julai, akijaribu injini, bomba la maji ya rejeta likachomoka na maji yanayochemka yakammwagikia mkono wa kushoto na ubavu. Bollée ndiye aliyemhudumia. Siwezi kusema kwa uhakika wa mahakama kwamba ajali hiyo ilitokana na safari ya makasha, lakini fundi yeyote atakwambia: mfumo uliobonyezwa ukanyooshwa hauwi tena ule wa mwanzo. Kwa wiki kadhaa alifanya kazi na mkono uliojaa malengelenge.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1908, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Hunaudières nje ya Le Mans, ile ndege iliyounganishwa upya ilipaa. Dakika moja na sekunde 45 hivi, mizunguko miwili, kisha ikatua taratibu. Watazamaji hawakuwa wengi, ila Louis Blériot alikuwepo. Ndege za Wafaransa wakati ule ziligeuka kwa kusuasua kama lori lenye tela. Hii ililala upande na kukata kona kama ndege mwenye manyoya. Kelele za uongo zikaisha siku hiyohiyo. Kufikia tarehe 31 Desemba Wilbur alikuwa ameruka kwa zaidi ya saa mbili mfululizo huko Auvours.

Sasa rudi kwenye makasha. Leo maelfu ya watu duniani hununua ndege za kuunganisha nyumbani, na bawa au mkia hufika kwa lori ndani ya kasha refu la mbao. Wazoefu wa kazi hiyo wana desturi ambayo ukiitazama ni ile karatasi iliyokosekana Le Havre. Kabla ya kutia saini wanazunguka kasha lote, wanapiga picha kila tundu na kila kona iliyobonyea, na wanaandika kasoro hizo kwenye noti ya kupokea mzigo mbele ya dereva. Ndani ya siku chache wanafungua na kuhesabu kila kipande dhidi ya orodha, hata kama ujenzi utaanza mwakani. Wasafirishaji nao hubandika vile vibandiko vinavyogeuka vyekundu kasha likipigwa kwa nguvu au likilazwa. Kibandiko hakizuii chochote, ila kinasema tu kwamba tukio limetokea.

Na sheria inawapa sababu ya kuharakisha. Chini ya kanuni za Hague za mwaka 1924 kuhusu mizigo ya baharini, uharibifu unaoonekana unatakiwa kuripotiwa kwa maandishi wakati wa kuchukua mzigo, na usioonekana ndani ya siku tatu. Ukikaa kimya, inachukuliwa kwamba ulipokea mzigo kama ulivyoelezwa kwenye hati, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako. Kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Kwa mizigo ya ndege, mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 14 za kulalamika kuhusu uharibifu. Makasha ya Wilbur yalikaa takriban miezi kumi na moja kabla ya mwenyewe kuchungulia ndani.

Kuna kasha jingine la familia hii. Ile ndege ya 1903 yenyewe ilikaa kwenye makasha Dayton, ikafunikwa na maji na tope katika mafuriko ya Machi 1913, ikakarabatiwa, na mwaka 1928 ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi London. Iliporudishwa kwa meli Mauretania mwaka 1948, mgomo wa makuli wa pwani ya mashariki ya Marekani uliifanya ishushwe Halifax, Kanada. Paul Garber wa Smithsonian alikwenda kuipokea hukohuko, na akasafiri na makasha hayo hadi Washington.