"Vuta Pumzi": Maneno Haya Yametoka Wapi?

Aliyekaa kwenye kambi ya wakimbizi muda mrefu ameshayasikia maneno haya. Mnaitwa kwenye kikundi, mnakaa kwenye mkeka, muhudumu anasema: tulieni, vuteni pumzi polepole, sikilizeni mwili wenu. Wengine wanafuata, wengine wanacheka kidogo. Na hakosi mtu wa nyuma anayenong'ona: "Tuliomba unga, wao wanatupa pumzi?" Mwingine, akitoka hapo, anamuuliza mchungaji wake kama hiyo si dini ya watu wengine.

Maswali yote mawili ni ya haki, na jibu liko kwenye historia. Ukiifuata hiyo pumzi toka ilikotoka, unakuta imebebwa sana na watu waliopoteza nchi, pamoja na watu waliochoka kwa kuwahudumia wenzao.

Tuanze mwanzo. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kaskazini mwa India, Siddhattha Gotama, ambaye watu walimwita Buddha, yaani aliyeamka, alifundisha kuangalia mambo manne: mwili, hisia, hali ya moyo, na mawazo yanayopita. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ukivuta pumzi, jua kwamba unavuta. Ukiwa na maumivu, jua kwamba una maumivu. Hasira ikija, ijue kuwa ni hasira kabla haijakuinua mkono.

Katika Kipali, lugha ya maandiko ya zamani ya Wabuddha, jambo hilo linaitwa sati, na maana ya kwanza ya neno hilo ni kukumbuka. Mwaka 1881 Mwingereza T. W. Rhys Davids, aliyewahi kuwa afisa wa serikali ya kikoloni kule Ceylon, ndiye aliyelitafsiri kwa neno mindfulness, ambalo siku hizi limejaa kwenye ripoti za mashirika. Kwa Kiswahili tunasema umakini, au kuwa macho. Mimi napenda kubaki na kukumbuka. Sababu kwetu sisi tuliokimbia, kukumbuka ni neno zito: tunakumbuka kupita kiasi. Mlango wa bati ukipigwa na upepo, moyo unaruka, na mwili unarudi Pweto au Moba kabla akili haijasema kitu. Sati ni kukumbuka kwa namna nyingine: kukumbuka kwamba sasa hivi uko hapa, umekaa chini, na huo ni upepo.

Kwa karne nyingi, katika nchi nyingi za Kibuddha, kutafakari kwa bidii ilikuwa zaidi kazi ya watawa. Watu wa kawaida walileta chakula hekaluni, wakaomba, wakarudi shambani. Kilichobadilisha hali hiyo kule Burma ni ukoloni. Mwaka 1885 Waingereza waliingia Mandalay, wakamkamata mfalme Thibaw, wakampeleka uhamishoni India. Mfalme ndiye aliyekuwa mlinzi wa dini. Mtawa mmoja, Ledi Sayadaw, aliona kwamba bila mfalme mafundisho yanaweza kupotea, basi akaanza kuwafundisha watu wa kawaida, akiandika kwa lugha wanayoielewa. Hadi alipofariki mwaka 1923, kutafakari kulikuwa kumetoka nje ya ukuta wa watawa.

Toka kwake mafundisho yalipita kwa mkulima, yakafika kwa karani wa serikali, U Ba Khin, aliyekuwa mkuu wa hesabu za serikali ya Burma baada ya uhuru wa 1948 na ambaye aliwafundisha hata wafanyakazi wa ofisi yake. Mwanafunzi wake S. N. Goenka alizaliwa Mandalay mwaka 1924 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Wajapani walipoivamia Burma mwaka 1942, familia hiyo ilikimbilia India kama mamia ya maelfu ya wengine, na ilirudi vita ilipokwisha. Baadaye Goenka alishikwa na maumivu makali ya kichwa ambayo madaktari walishindwa kuyaondoa. Alikwenda kwa U Ba Khin mwaka 1955, na kuanzia 1969 akafundisha India kwa mafunzo ya siku kumi yasiyolipiwa.

Lakini mtu ambaye sisi wa kambini tunapaswa kumjua zaidi ni Thich Nhat Hanh wa Vietnam. Katikati ya miaka ya 1960, wakati vita inaunguza nchi yake, yeye na wenzake walianzisha shule ya vijana wa huduma. Vijana hao waliingia vijijini kujenga nyumba zilizobomolewa, kufungua madarasa na kutibu wagonjwa. Kijiji cha Tra Loc, karibu na mstari uliogawa kaskazini na kusini, kilipigwa mabomu, wakakijenga. Kikapigwa tena, wakakijenga tena. Kwa vile hawakuchukua upande wowote, pande zote ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa.

Mwaka 1966 Thich Nhat Hanh alisafiri kwenda Marekani kuomba vita isimame. Hakuruhusiwa kurudi kwao. Alikaa uhamishoni miaka 39, sehemu kubwa Ufaransa, mpaka aliporuhusiwa kutembelea nyumbani mwaka 2005. Akiwa huko nje, mwaka 1974 aliandika barua ndefu kwa wafanyakazi wa ile shule, watu waliokuwa bado kwenye mabomu na uchovu. Aliwafundisha kurudi kwenye pumzi yao wakati wa kazi, na kuosha sahani bila kukimbilia kitu kinachofuata. Barua hiyo ikawa kitabu kinachosomwa dunia nzima, The Miracle of Mindfulness.

Hebu tusimame hapo kidogo. Kitabu ambacho watu wengi wa miji tajiri wanakisoma ili walale vizuri kiliandikwa na mtu aliyezuiwa kurudi kwao, kwa ajili ya wafanyakazi wa misaada. Na wafanyakazi hao hawakuambiwa waache kujenga nyumba ili wakae kuhesabu pumzi. Pumzi ilikuwa ya kuwawezesha kurudi Tra Loc mara ya pili na ya tatu bila chuki na bila kuvunjika. Kwa hiyo yule mtu wa nyuma anayenong'ona habari ya unga yuko sahihi kuliko anavyodhani: kwa Thich Nhat Hanh, pumzi haikuwahi kuchukua nafasi ya msaada. Vilitembea pamoja.

Upande wa Afrika Mashariki nako historia hii si mpya sana. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, kuna hekalu la Wabuddha ambalo Wasinhala toka Ceylon walilianzisha karibu na mwaka 1920. Walifuata kazi, wakaja na dini yao. Uganda, kijana mmoja aliyelelewa Mkatoliki alikwenda India kusoma mwaka 1990, akakutana na watawa wa Thailand, na mwaka 2002 yeye mwenyewe akawa mtawa kwa jina la Bhante Buddharakkhita. Mwaka 2005 alianzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe, ufukweni mwa ziwa Victoria. Aliporudi kwao na lile vazi, watu walishangaa sana. Wengine walimdhania mganga wa kienyeji.

Ile ya kwenye vikundi vya kambi imepitia njia nyingine: hospitali. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn, Mmarekani aliyejifunza kwa walimu wa Kibuddha, alifungua kliniki katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu yasiyopona. Aliondoa maneno ya dini, akabakiza mazoezi, akayapanga kwa wiki nane. Madaktari na wanasaikolojia wengine walifuata, kila mmoja kwa namna yake.

Ndipo inapofika kwa watu kama sisi. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza kozi ya vipindi vitano vya sauti iliyorekodiwa pamoja na kitabu cha picha. Ilijaribiwa kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini katika vijiji 14 vya makazi ya wakimbizi ya Rhino, Uganda, kwa Kiarabu cha Juba. Walioendesha vikundi hawakuwa madaktari; walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi mitatu baada ya kozi, wanawake waliohudhuria walikuwa na mateso ya moyo kidogo kuliko wale ambao hawakuipata. Kidogo, si kwamba yaliisha. Na hakuna aliyesema kwamba mgao wao uliongezeka.

Sasa swali la mchungaji. Ubuddha ni dini, na anayetaka kuufuata au kuukataa ana haki yake. Lakini kuijua pumzi yako si kuabudu mtu. Mkristo anajua maana ya kunyamaza mbele ya Mungu, na Mwislamu ana dhikri, neno ambalo lenyewe maana yake ni kukumbuka. Haya si kitu kimoja, ila hakuna kati yetu aliye mgeni kabisa kwenye kutulia. Muhudumu anapoficha zoezi limetoka wapi, ndipo watu wanapoanza kushuku. Afadhali aseme wazi.

Kuna la kuangalia pia. Aliyeona mabaya anaweza kufumba macho na kuyakuta yote yanamsubiri humo ndani. Huyo asilazimishwe. Abaki na macho wazi, akandamize nyayo chini, ataje moyoni vitu anavyoviona: mti, ndoo, mtoto anayepita. Hiyo inatosha, na akitaka kusimama na kutoka, aachwe atoke.

Wengi wetu tulipita Kenani mwaka 2017, kabla ya Mantapala kufunguliwa mwanzoni mwa 2018. Tulifika na mwili hapa na moyo ng'ambo ya mpaka. Kama pumzi inasaidia kuuleta moyo mahali mwili ulipo, hata kwa dakika tano kabla ya kwenda kupanga foleni, tuichukue. Unga na usalama tuendelee kuvidai kwa sauti ileile. Wale vijana wa Tra Loc walitafakari, na matofali waliendelea kubeba.