Joka Upande wa Wanyonge: Mizani ya Nguvu katika Masimulizi ya Mumbo, Kisii na Nyamira

Utangulizi

Masimulizi yoyote yanayomkutanisha shujaa na dude linalomzidi nguvu hukabiliwa na tatizo moja la kifani. Dude likiwa hafifu, ushindi wa shujaa hauna thamani. Likiwa na nguvu kupita kiasi, pambano hugeuka kuwa machinjo, na hadhira hukosa cha kusubiri. Fanani hana budi kushika mizani. Makala haya yanaichunguza mizani hiyo katika historia ya Abagusii, wenyeji wa eneo ambalo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, kuanzia mwaka 1905 hadi miaka ya 1920. Hoja inayotetewa ni kwamba joka la Mumbo, ambalo watawala wa kikoloni waliliona kuwa dalili ya ushirikina na upotofu, lilikuwa jibu la kisimulizi kwa uwiano wa nguvu uliokuwa umevunjwa na silaha. Aidha, jibu hilo lilikiuka mazoea ya tendi: joka halikuletwa ili lipigwe na shujaa, lilisimama upande wa walioshindwa.

Mizani kama kanuni ya fani

Mfano ulio bayana wa tatizo hili unapatikana katika mchezo. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huchukua nafsi ya mhusika mmoja, mwamuzi husimulia mandhari na maadui, na dadu huamua matokeo ya mapigo. Joka ni miongoni mwa maadui wakuu wa mchezo huo. Waliotunga kanuni za mwanzo walitambua kwamba joka lisilo na kasoro lingewaangamiza wahusika wote. Kwa hiyo pumzi yake ya maangamizi iliwekewa kikomo cha mara tatu kwa siku, nguvu zake zikapangwa kwa umri, na dadu ikaruhusiwa kuamua kwamba limekutwa usingizini. Toleo la mwaka 2014 lilishughulikia kasoro ya upande wa pili. Joka moja likipambana na wahusika watano hupata zamu moja pale ambapo wao hupata tano, na kwa hiyo huzidiwa upesi. Likapewa vitendo vya ziada baina ya zamu za wapinzani wake, pamoja na uwezo wa kugeuza kushindwa kwake kuwa kufaulu, mara chache kwa siku. Katika matoleo yote mawili, mizani imeshikwa na mtu aliye nje ya pambano.

Fasihi ya Afrika Mashariki iliijua kanuni hii kabla ya mchezo huo kuwapo. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa aliyatungia utenzi mwaka 1913, shujaa mwenyewe ndiye mwenye nguvu za kupindukia. Hakuna silaha inayomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na siri hiyo inatolewa na mwanawe. Miongoni mwa Wajaluo, ambao ni majirani wa Abagusii, Lwanda Magere ana mwili wa jiwe, ila nguvu zake zimo katika kivuli chake. Siri yake inafichuliwa na mke aliyetoka kwa maadui, kisa ambacho Okoiti Omtatah alikifanya tamthilia. Kitovu na kivuli vinafanya kazi ile ile ya usingizi wa joka: vinawapa wanyonge tundu la kupitia. Dhana ya msingi ni kwamba hakuna nguvu isiyo na tundu.

Bunduki isiyo na tundu

Historia ya uvamizi wa Gusii iliikanusha dhana hiyo. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kilipelekwa huko kuwaadhibu Abagusii kwa madai ya wizi wa mifugo. Wapiganaji wenye mikuki na ngao waliushambulia mraba wa askari wenye bunduki za kawaida na bunduki ya rashasha aina ya Maxim. W. Robert Foran, ofisa wa polisi, aliyasimulia mapigano hayo katika kitabu chake cha mwaka 1936. Anakumbuka jinsi rashasha ilivyofyatuliwa kwa muda mrefu hadi ikapata moto, na jinsi miili ilivyorundikana mbele ya mraba. Hapakuwa na usingizi wala kikomo cha mara tatu kwa siku. Hapakuwa pia na mwamuzi.

Mwaka 1907 utawala ulifungua kituo Getembe, mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii, chini ya G. A. S. Northcote. Januari 1908 Northcote alichomwa mkuki na Otenyo, ambaye kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji alihimizwa na nabii wa kike, Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii ndio walioadhibiwa: vijiji vilichomwa, ng'ombe wakatwaliwa, na watu wengi wakauawa. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alilalamika kwa maandishi kwamba mauaji ya watu wasio na kinga yalikuwa yamevuka mpaka wa lazima. Maneno hayo yanastahili kuzingatiwa na mhakiki. Hata ndani ya serikali iliyotuma bunduki, palikuwapo aliyeona kwamba jambo lililotendeka lisingeweza kusimuliwa kama vita.

Ujio wa Mumbo

Mwaka 1913, huko Alego katika nchi ya Wajaluo, Onyango Dunde alisimulia kwamba joka kubwa kutoka Ziwa Viktoria lilimmeza na kumtapika akiwa mzima. Joka hilo, Mumbo, lilisemekana kuwa refu kiasi kwamba likisimama ziwani kichwa chake kilifika mawinguni. Lilimwagiza awatangazie watu kwamba Wazungu ni adui na kwamba siku yao ya kutoweka inakuja. Wafuasi waache nywele zikue, wavae ngozi, waikatae dini ya wageni na kungojea neema.

Imani hii ilivuka na kuingia Gusii, ambako iliungana na kumbukumbu ya Sakawa, nabii wa Kitutu aliyesemekana kutabiri ujio wa wageni pale Getembe. Mwezi Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka, na Waingereza wakauacha mji wa Kisii kwa siku chache. Wenyeji waliingia na kupora maduka, ofisi na misheni. Kwao, utabiri ulikuwa umetimia mbele ya macho. Waingereza waliporudi, adhabu ilifuata. Imani haikufa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilianza kuwahamishia viongozi wake pwani ya mbali, Lamu ikiwamo.

Kwa mtazamo wa kifani, jambo la kuzingatiwa ni mahali ambapo nguvu imewekwa. Ulinganisho na Maji Maji ya Tanganyika, iliyoanza mwaka ule ule wa 1905, unasaidia. Dawa ya maji, ambayo Ebrahim Hussein aliifanya kiini cha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, iliweka kinga mwilini mwa mpiganaji. Aliyeiamini alipaswa kuithibitisha kwa kuiendea risasi. Mumbo aliiweka nguvu nje ya mwili wa mwanadamu, ziwani na mawinguni, na wafuasi hawakutakiwa kushambulia. Walitakiwa kubaki na kungoja. Hadhira ya Gusii, iliyokwisha kuona mwaka 1905 na 1908 kinachoupata mwili mbele ya Maxim, ilikuwa na sababu nzuri ya kulipokea joka la namna hiyo. Mizani haikusawazishwa kwa kumpunguzia adui nguvu, wala kwa kumpa shujaa siri ya kitovu. Iliwekewa jiwe jipya upande wa pili, zito kuliko bunduki, na pambano likaahirishwa.

Vishawishi viwili vya uhakiki

Usomaji huu unatahadharisha dhidi ya vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuusimulia mkuki wa Otenyo kana kwamba ulikuwa sawa na rashasha. Usawa huo hupendeza katika tamthilia za mashujaa, lakini unawafuta waliouawa vijijini, kwani huwafanya waonekane kuwa upande mmoja wa shindano la haki. Ujasiri wa Otenyo unaonekana vizuri zaidi pale uzito wa kweli wa adui wake unapotajwa bila kupunguzwa.

Kishawishi cha pili ni kulitazama joka kuwa njozi tupu ya watu waliochanganyikiwa. Anayefikiri hivyo husahau kwamba kusawazisha nguvu ni kazi ya kawaida ya kila fanani. Abagusii waliokosa mwamuzi katika historia walimtafuta katika masimulizi. Mumbo hakuwafukuza Wazungu, na waliomfuata walilipa kwa kifungo na uhamisho. Hata hivyo, aliwawezesha kuendelea kujiona kuwa wahusika katika kisa ambacho hakijafika mwisho, katika miaka ambayo taarifa za kiserikali zilikuwa zimekwisha kukifunga.

Hitimisho

Mizani katika masimulizi ya shujaa na joka haiwezi kuhakikiwa bila kuuliza ni nani anayeishika na kwa manufaa ya nani. Mchezoni hushikwa na mwamuzi ili wachezaji wafurahi. Katika utenzi hushikwa na mtunzi ili hadhira ilie na kustaajabu. Kisii na Nyamira ilishikwa na watu walionyang'anywa mifugo na jamaa zao, nao waliishika ili wapate kuishi na walichokiona. Serikali ya kikoloni yenyewe haikulipuuza joka hilo: ilipolipiga marufuku dhehebu la Mumbo mwaka 1954, ilikuwa imekwisha kupambana nalo kwa takriban miaka arobaini.