Tabia ya mnyama yawa tawi la tiba

Kwa miaka mingi daktari wa mifugo alijulikana kwa kutibu mwili: jeraha, minyoo, homa. Mwaka 1993 madaktari wa mifugo nchini Marekani waliitambua tabia ya wanyama kuwa tawi rasmi la ubingwa; Ulaya ikafuata baadaye.

Bingwa wa tawi hili huanza kwa kutafuta ugonjwa uliojificha nyuma ya tabia. Mbwa mpole anayeanza kuuma huenda ana maumivu ya jino au sikio, ana hofu, au ameshikwa na kichaa cha mbwa.

Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, ambako mbwa huzurura vichochoroni wanamocheza watoto, elimu hiyo ni suala la uhai. Dalili za kichaa cha mbwa zikishamtokea binadamu, ni nadra mno apone. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja apate chanjo. Mbwa aliyebadilika ghafla asikaribiwe. Daktari wa mifugo aarifiwe kabla mawe hayajarushwa.