Tiba ya Umeme na Hofu ya Watu

Hapa Ziwa la Ng'ombe, mtu akiambiwa kwamba mgonjwa wake wa akili huenda akatibiwa kwa umeme, hushtuka kuliko atajiwapo kisu cha mpasuaji. Wengi hudhani kwamba umeme huo ni adhabu ya wenye wazimu. Yafaa tutazame hofu hiyo ilikotoka, maana haikuzuka bure.

Katika mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilifungua Nairobi nyumba ya wenye wazimu, mahali palipokuwa pa kuwatengea wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Katika siku zake za kwanza kazi yake ilikuwa kufungia watu kuliko kuwaponya, na Wazungu na Waafrika waliwekwa mbalimbali. Basi jina la Mathari likageuka kuwa tusi.

Tiba yenyewe ilizaliwa Roma mwaka 1938. Matabibu wawili wa Kiitaliani, Ugo Cerletti na Lucio Bini, walipitisha umeme kwa muda mfupi mno katika kichwa cha mgonjwa, ili mwili upatwe na mtukutiko kama wa kifafa. Baada ya kurudiwa mara kadhaa, mgonjwa yule alianza kusema maneno yenye maana. Tiba ikaenea upesi duniani. Lakini siku zile wagonjwa wengi hawakupewa dawa ya usingizi. Wengine walivunjika mifupa, na wengine hawakuulizwa ridhaa yao. Walioyaona hayo waliyasimulia, wala hawakusema uongo.

Tangu miaka ya 1950 matabibu walianza kumlaza mgonjwa usingizi na kumpa dawa ya kulegeza misuli, asisikie maumivu wala asiumie. Tiba hii hutumika hasa kwa huzuni nzito imfanyayo mtu akatae chakula au atake kujiua. Haikosi ila: wengine husahau mambo kwa muda, na baadhi ya kumbukumbu hazirudi.

Tiba imebadilika, lakini hadithi iliyobaki vinywani ni ile ya zamani. Kwa sababu yake wagonjwa hufichwa majumbani hata maradhi yakakomaa, ilhali Hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe, hupokea wagonjwa wa akili. Tusiwacheke waogopao. Tuwafundishe kumwuliza tabibu: Je, atalazwa usingizi? Madhara ni yapi? Ridhaa yake itaombwa? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.