Nionyeshe Mguu

Bibi yangu alikuwa mchuma karafuu, si mganga. Lakini mtoto akimjia anachechemea, mkono kinenani, hakukigusa kinena. Alisema, "Nionyeshe mguu." Na mguuni hapakukosekana kitu: mwiba, funza, mkato wa jiwe la pwani. Alikikosha kidonda kwa maji moto ya chumvi, na baada ya siku chache mtoki, ile tezi iliyovimba kinenani, hunywea wenyewe. Kuuminya alikataza. Kwake mtoki ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Nimekuwa muuguzi hapa Pemba kwa miaka 31, mingi katika chumba cha upasuaji, na sijasikia maelezo ya tezi za limfu yaliyoyashinda hayo. Walimu wetu walituchorea mishipa myembamba inayokusanya maji ya mwilini, na njiani vituo vidogo mithili ya maharage vinavyoyachuja kabla hayajarudi damuni. Kijidudu au chembe ya saratani inayopita hunaswa hapo.

Ami yangu hakumsikiliza bibi. Alikuwa na busha, na homa ikimpanda mitoki ilimsimama kama mayai ya njiwa. Mtu mmoja akampasua mtoki kwa wembe ili atoe uchafu. Uchafu haukutoka. Yalitoka maji maangavu, yakachuruzika wiki baada ya wiki, na mguu ukajaa hadi kiatu kikaukataa. Nilikuwa msichana, kazi yangu ilikuwa kufua vitambaa.

Siku hizo matende na mabusha hayakumshangaza mtu. Waliovaa kanzu pana kwa sababu maalumu walijulikana, ila hawakutajwa. Wengine walisema chanzo ni madafu, wengine baridi. Kumbe ni minyoo wembamba kama uzi, wakaao ndani ya mishipa ya limfu kwa miaka, na watoto wao huingia damuni usiku. Daktari Patrick Manson aliwakuta tumboni mwa mbu huko Amoy, China, mwaka 1877. Kwa sababu watoto hao hutoka usiku, wapimaji walikuja kijijini watu wakijiandaa kulala, na wazee wakawashuku: damu gani hii inayotakiwa gizani?

Mbu anayewaeneza ni yule wa vyooni. Makunduchi, kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga punje nyeupe za plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo ili viluwiluwi vikose hewa, na watu wakapewa dawa. Katika miaka mitano, waliokuwa na vimelea damuni walishuka kutoka asilimia 49 hadi 3. Kisha, kuanzia Oktoba 2001 hadi 2006, ikawa Zanzibar nzima: mara moja kwa mwaka wagawaji walipita nyumba kwa nyumba na ivamektini na albendazoli, wakiwa na fimbo ya kupimia kimo. Mrefu huongezewa kidonge. Vijana walijinyoosha kwa vidole, hasa wasichana wakiwapo.

Dawa haikuwarudisha wenye mabusha walivyokuwa. Hao walibaki wa kisu. Walitujia karafuu zikishaanikwa, maana hakuna apandaye mkarafuu na mshono. Madaktari Wachina wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu, na Mkoani, hapa Pemba, tuliwazoea. Lugha ilipotushinda, daktari alinyoosha kiganja nami nikampa mkasi, akikitikisa, nimekosea. Walifungua busha, wakatoa maji na utando wake. Mitoki ya kinena hawakuigusa.

Upasuaji wenyewe ulijifunza jambo hilo kwa gharama. Mwishoni mwa karne ya 19 William Halsted wa Baltimore, Marekani, alikata titi lenye saratani pamoja na tezi zote za kwapa. Wapo waliobaki na mkono uliovimba vibaya, na mwaka 1921 Halsted mwenyewe aliandika kuhusu uvimbe huo akauita matende ya upasuaji. Niliposoma hayo nilimkumbuka ami na viatu vyake.

Basi kaka yangu macho yalipogeuka manjano, mkojo ukawa kama chai kavu na mwili ukamwasha usiku kucha, na huko bara wakamkuta na saratani ya mirija ya nyongo ndani ya ini, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Dada, wanataka kukata na mitoki ya ini. Si bibi alikataza?"

Nikamwambia wanakwenda kuisoma. Tezi za njia ya ini hupelekwa chini ya hadubini, na mwongozo unataka zisipungue 6, maana moja au mbili zinaweza kuwa safi kwa bahati tu. Kama kuzitoa kunaongeza umri, mabingwa wangali wanabishana. Ila zikishaonekana, hujulikana ugonjwa umefika wapi na dawa ipi ifuate. Wao nao wanauliza mguu uko wapi, nilisema. Akacheka, akajishika ubavu.

Zilitolewa 7. Karatasi ilipofika tulikuwa barazani, na nilimsomea mimi: mbili zilikuwa na saratani. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akauliza karafuu zimefikia bei gani. Kisha akanyoosha mguu juani, akaugeuza wayo polepole. Haukuwa na hata mkwaruzo.